Usilipie Kozi Kabla ya Kupata Shule: Kujiandaa na Cheti cha Msaidizi wa Mwalimu Uingereza

Swali ni lile lile, anayebadilika ni muulizaji. Leo ni mama aliyechoshwa na zamu za usiku za kutunza wazee. Kesho ni kijana aliyeishia kidato cha nne Kigoma na sasa anakaa Leicester. Keshokutwa ni baba aliyefundisha Bukavu miaka mingi na hapa anapanga maboksi ghalani. Wote wanataka kuingia shuleni kama wasaidizi wa walimu, na wote wanauliza: "Nilipie kozi gani?" Nimeamua kujibu kwa maandishi, ili atakayeuliza tena nimpe makala hii, kisha tuzungumze mengine.

Jibu langu haliwafurahishi wengi: usilipie kozi yoyote bado. Tafuta shule kwanza. Cheti hiki, ukiondoa aina zake fupi nitakazozitaja, hakipatikani kwa mtihani wa kukaa ukumbini. Mtathmini anakuja kukutazama ukifanya kazi na watoto, kisha anasoma ulichoandika kuhusu kazi hiyo na kukuhoji. Asiye na darasa la kufanyia kazi hana cha kuonyesha, hata akiwa na akili nyingi na amelipa ada yote. Ninawajua watu waliolipa, wakasoma masomo yote kwenye kompyuta, kisha wakakwama hapo miezi na miezi kwa sababu hakuna shule iliyowapokea.

Ninayoyasema hapa ni ya England. Scotland ina vyeti vyake na ukaguzi wake wa polisi, Wales nayo ina taratibu zake za shule. Aliye huko aulize huko.

Vyeti vyenyewe

Watu husema "nina Ngazi ya 3" kana kwamba hicho ni kitu kimoja. Namba inaonyesha ugumu, jina linaonyesha ukubwa.

- Ngazi ya 2 ina kiwango cha GCSE za alama nzuri. Inamfaa anayeanza, anayesaidia chini ya uangalizi wa karibu wa mwalimu.
- Ngazi ya 3 ina kiwango cha A-level. Inamfaa atakayekaa na kundi peke yake, atakayesaidia watoto wenye mahitaji maalumu, na atakayechangia katika kupanga somo.
- Kwa desturi, cheti kinachoitwa Award hakizidi saa 120 za kujifunza kwa jumla, Certificate ni kati ya saa 121 na 369, na Diploma ni saa 370 kwenda juu.

Award nyingi ni za maarifa tu na hazidai uwe shuleni. Zinafaa kusomwa wakati unasubiri makaratasi. Lakini usimwambie mwalimu mkuu kwamba umemaliza Ngazi ya 3 wakati una Award. Atakuuliza umefanya saa ngapi darasani, na utaanza kutafuta maneno.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa kozi hawalitangazi: hakuna sheria England inayomlazimisha msaidizi wa mwalimu awe na cheti hiki. Shule yenyewe ndiyo inayoamua. Basi kwa nini ukitafute? Kwa sababu nafasi moja huombwa na watu wengi, na wewe uliyesoma ng'ambo unahitaji kitu ambacho mwalimu mkuu anakitambua bila kukisia. Ila ukweli huu ukupe ujasiri pia: unaweza kuajiriwa kwanza, kisha shule ikakusaidia kusoma ukiwa kazini.

Na kama ulikuwa mwalimu mwenye shahada, simama hapa kidogo. Kabla ya kujiandikisha kwenye Ngazi ya 2, peleka shahada yako UK ENIC, taasisi inayolinganisha vyeti vya nje na vya Uingereza, kisha usome masharti ya QTS, hadhi ya mwalimu kamili. Kazi ya msaidizi inaweza kuwa mlango mzuri wa kuzizoea shule za hapa, lakini inaniuma kumwona mwalimu wa fizikia akikaa miaka katika ngazi ambayo hakustahili kuanzia.

Kozi za bei poa

Utaona matangazo ya kozi za pauni chache, "cheti ndani ya siku mbili". Nyingi zinakupa karatasi ya kuhudhuria, ambayo haimo katika mfumo wa vyeti vinavyosimamiwa na serikali. Mwalimu mkuu ataitazama na kuirudisha mezani. Kabla ya kutoa kadi ya benki:

1. Uliza jina kamili la cheti na namba yake. Itafute katika rejista ya Ofqual, mamlaka inayosimamia vyeti na mitihani, ambayo iko wazi mtandaoni bila malipo. Isipoonekana humo, funga mazungumzo.
2. Uliza ni nani anayetoa cheti. Chuo kinafundisha tu; cheti hutolewa na bodi kama NCFE, City & Guilds au Pearson.
3. Uliza saa ngapi za kazi shuleni zinahitajika, na ni nani wa kukutafutia shule hiyo. Mara nyingi jibu ni "wewe mwenyewe".
4. Uliza mtathmini atakuja mara ngapi, na kama kuna ada ya ziada kazi yako ikirudishwa.
5. Uliza nini kitatokea kwa pesa zako ukikosa shule.

Majibu yote yaje kwa barua pepe. Maneno ya simu hayakusaidii siku ya ugomvi.

Kuhusu ada: mtu mzima wa miaka 19 na zaidi anaweza kukopa Advanced Learner Loan kwa ajili ya Ngazi ya 3 katika chuo kilichoidhinishwa, akitimiza masharti ya ukaazi. Muulize mshauri wa chuo cha serikali cha mtaani kwako kabla ya kusikiliza wakala yeyote. Mwenye viza, na hasa viza ya mwanafunzi, asome masharti yake, kwa maana hata kazi ya kujitolea inaweza kuhesabiwa katika saa anazoruhusiwa.

Jinsi ya kupata shule

Anza na shule ya msingi iliyo karibu, ile ambayo mwanao, mpwa wako au mtoto wa jirani anasoma. Usiende saa tatu kasorobo asubuhi wala saa tisa alasiri, wakati wazazi wamejaa langoni na karani hana nafasi hata ya kukutazama. Nenda katikati ya asubuhi, au andika barua pepe fupi.

Omba kitu kidogo na mahususi. "Naomba kujitolea" ni ombi zito kwa mtu mwenye shughuli nyingi, kwa sababu yeye ndiye atakayelazimika kukutafutia kazi. "Ninaweza kuja Jumanne na Alhamisi mchana kusikiliza watoto wakisoma" ni ombi lenye jibu. Karibu kila shule ya msingi ina watoto wanaohitaji mtu mzima wa kukaa nao na kitabu kwa dakika kumi. Ukiwa unazungumza Kiswahili, Kinyarwanda, Kilingala au Kifaransa, sema. Shule yenye watoto waliotoka kwetu itakukumbuka.

Ukikubaliwa, hatua zinafuatana hivi:

1. DBS, ukaguzi wa rekodi za makosa ya jinai. Shule au chuo ndicho kitakachokuombea ule wa kiwango cha juu unaohusu kazi na watoto. Serikali haimtozi ada mtu wa kujitolea. Cheti kikitoka, una siku 30 za kujiunga na huduma ya kukihuisha, ili usianze upya kila unapobadili shule. Wengi huziacha siku hizo zipite.
2. Kama umeishi nje, shule inaweza kudai cheti cha tabia njema cha polisi wa huko. Hivyo vya Kenya na Tanzania huchukua muda, kwa hiyo viombe mapema. Aliyekimbia vita na hawezi kuviomba alieleze hilo kwa maandishi; shule ina njia nyingine za kujiridhisha.
3. Soma Sehemu ya Kwanza ya waraka wa serikali unaoitwa "Keeping Children Safe in Education". Hutolewa upya na kuanza kutumika kila Septemba, na kila anayefanya kazi moja kwa moja na watoto shuleni anatakiwa awe ameisoma. Usome wa mwaka huu, si nakala aliyokupa rafiki.
4. Baada ya wiki kadhaa, ukishajulikana, ndipo umwombe mwalimu mkuu au SENCO, yaani mwalimu anayeratibu mahitaji maalumu, akubali kwa maandishi mambo mawili: mtathmini kuingia darasani, na mwalimu mmoja kuwa mlezi wako. Barua hiyo ikiwa mkononi, sasa lipia kozi.

Utaniambia, "Kujitolea ni kufanya kazi bure, na mimi nina kodi ya nyumba." Ni kweli, ndiyo maana nasema michana miwili na si wiki nzima. Anayefanya zamu za usiku aangalie vipindi vya mchana. Asiyepata nafasi kabisa ajaribu kazi ya msimamizi wa chakula cha mchana, ambayo ina malipo madogo, inadumu kama saa moja na robo kwa siku, na inakuweka ndani ya uzio wa shule. Wasaidizi wengi wa walimu walianzia uwanjani hapo.

Na madrasa ya Jumamosi, au darasa la watoto kanisani? Litaje kwenye maombi ya kazi kama uzoefu, kwa sababu ni uzoefu. Kwa cheti, chukulia kwamba halitakubaliwa mpaka chuo kikuandikie kinyume.

Kiingereza, hesabu, na sauti za herufi

Shule nyingi hutaka GCSE ya Kiingereza na ya hesabu kwa alama ya 4, ambayo zamani iliitwa C, au Functional Skills ya Ngazi ya 2 badala yake. Kwa mtu mzima mkaazi asiye nazo, masomo haya hutolewa bure England. Yaanze sasa hivi, sambamba na kujitolea, maana ndiyo yanayochelewesha watu kuliko kitu kingine.

Lafudhi haina neno. Watoto wa miji hii wamezoea lafudhi za dunia nzima. Lakini kuna jambo moja la ulimi ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili lazima tulifanyie kazi, na hakuna kozi itakayokuambia. Sisi tulifundishwa kusoma kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kila konsonanti kwetu inaegemea irabu. Watoto wa England hufundishwa kwa sauti moja moja, somo wanaloliita phonics, na sauti hizo zinatakiwa ziwe tupu. Mtoto anayeunganisha s-a-t anapata neno. Ukimtamkia "si-a-ti", au "sa-a-ta", haunganishi kitu. Anapotea, na anayempoteza ni wewe uliyeletwa kumsaidia. Mwezi wa Juni watoto wa Mwaka wa 1 hupimwa kwa kusoma maneno 40, na nusu yake ni maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, ili ijulikane kama kweli wanasoma sauti au wamekariri. Huko huwezi kubahatisha.

Kwa hiyo: muulize mwalimu shule inatumia mpango upi wa phonics, mwombe ukae nyuma ya darasa wiki ya kwanza, urudi nyumbani ukazoee t, p, k, s, m bila kuzibandikia irabu. Jirekodi kwenye simu usikie. Wenye watoto wa miaka mitano nyumbani wana bahati, watasahihishwa bila huruma.

Hesabu nazo zina mitindo yake. Mtoto akigawanya au akitoa kwa njia usiyoijua, usimfundishe ya kwetu hata kama ni ya haraka. Omba kuonyeshwa karatasi ya shule inayoeleza njia zinazotumika kila mwaka. Njia mbili kwa mtoto anayesuasua ni mzigo.

Kuandika: sema "mimi"

Hapa ndipo kazi nyingi za watu wetu zinaporudishwa. Tumelelewa kutojitanguliza. Tunaandika "tulifanya", "watoto walisaidiwa", "ilionekana vyema". Kwa mtathmini, sentensi hizo hazina mtu ndani yake. Yeye anatafuta ushahidi kwamba *wewe* ulifanya uamuzi, na kwamba unajua kwa nini. Tazama maandishi haya mawili. Utayaandika kwa Kiingereza, lakini shida haiko kwenye lugha.

La kwanza: "Watoto walisaidiwa kusoma na somo lilikwenda vizuri. Tuliwapa moyo na walifurahi."

La pili: "Jumanne mwalimu alinipa watoto wanne wa Mwaka wa 2 nisome nao kwa dakika ishirini. Lengo lilikuwa watambue maneno yenye herufi igh. Mtoto B alikataa kusoma kwa sauti. Sikumlazimisha. Nilisoma neno mimi na kumwomba alionyeshe kwa kidole, kwa sababu mpango wake unasema hujifunga akitazamwa na kundi. Neno la nne alilisoma mwenyewe. Nilimwarifu mwalimu, tukakubaliana kwamba wiki ijayo nianze naye peke yake kabla ya kundi."

La pili si la mtu msomi zaidi. Lina lengo, lina tatizo, lina uamuzi na sababu yake, lina matokeo na hatua inayofuata. Ukiandika namna hiyo kila wiki tangu siku ya kwanza ya kujitolea, utaingia kwenye kozi ukiwa na nusu ya ushahidi mkononi. Nunua daftari. Andika jioni ile ile; Ijumaa hukumbuki tena Jumanne.

Mambo mengine ya kuangalia katika jalada lako la ushahidi:

- Soma kitenzi cha swali. "Describe" inataka nini kilifanyika. "Explain" inataka na sababu. Jibu lisilo na "kwa sababu" halijakamilika. "Evaluate" inataka kipi kilifaa, kipi hakikufaa na utabadili nini. Mtu anaweza kuandika kurasa nne nzuri na zikarudishwa kwa kitenzi tu.
- Majina ya watoto yasionekane popote. Mtoto A, Mtoto B. Picha usipige kabisa, hata ya daftari lenye jina juu.
- Sera za shule usizibandike zilivyo. Andika ni aya gani uliitumia na siku gani.
- Ushuhuda wa mwalimu uwe na tarehe, saini na jambo mahususi. "Ni mchapakazi na mpole" haukufai kitu.
- Waraka wa kanuni za mahitaji maalumu wa 2015, unaohusu walio na umri wa kuanzia 0 hadi 25, utautaja mara nyingi. Zijue zile nyanja zake nne: mawasiliano na mahusiano na wengine; uelewa na ujifunzaji; hisia, jamii na afya ya akili; viungo na milango ya fahamu. Na ujue mzunguko wake: chunguza, panga, tenda, pitia upya.

Programu za akili bandia? Kuiomba mashine isahihishe sarufi ni mazungumzo ya wewe na chuo chako. Vyuo vingine vinaruhusu, vingine havitaki hata hilo. Kuiomba ikuandikie siku yako darasani ni udanganyifu, na si udanganyifu wa kufanikiwa. Mtathmini atakaa nawe na kukuuliza: "Huyu Mtoto B alikuwa amekaa wapi?" Mashine haikuwepo.

Siku mtathmini anapokuja

Kosa kubwa ni huruma. Mtathmini akiwepo, msaidizi anataka mtoto aonekane ameweza, basi anamnong'oneza jibu, anamshikia penseli, anamwandikia mstari wa kwanza. Anadhani ameonyesha upendo. Mtathmini anaandika kwamba mtoto hakufanya kazi.

Hili si jambo la ladha ya mtu. Utafiti mkubwa uliofanyika hapa kati ya 2003 na 2009 ulikuta kwamba wanafunzi waliokuwa na msaidizi muda mrefu zaidi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa hali kama yao. Watafiti hawakuwalaumu wasaidizi. Walilaumu namna walivyotumiwa na kutoandaliwa, na tabia ya kukimbilia kumaliza kazi badala ya kumwacha mtoto afikiri. Tangu hapo shule nzuri zinataka msaada upande kwa ngazi, kidogo kwanza:

1. Nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ukimya huu ni mgumu kuliko hatua zote.
2. Mkumbushe bila kumwambia: "Mwalimu alisema tuanze na nini?"
3. Mpe kidokezo kimoja.
4. Mwonyeshe kwa mfano mwingine, si wa swali lake.
5. Msahihishe, ikiwa yote yameshindikana.

Kabla ya siku hiyo mwombe mwalimu mpango wa somo na akuambie lengo kwa sentensi moja. Baada ya somo mpe taarifa ya mdomo ya dakika mbili mbele ya mtathmini. Mambo yakienda kombo, mtoto akalia au akatupa kitabu, usishtuke: mtathmini anapenda kuona unavyotulia kuliko kuona somo lisilo na doa.

Na mkono wako ubaki kwako. Viboko vilikomeshwa katika shule za serikali za England mwaka 1987, lakini sizungumzii viboko tu. Kumvuta mtoto sikio kwa utani, kumfinya shavu, kumwambia "nitakuchapa" huku unacheka, kumwita mnene au mweusi kwa mapenzi: nyumbani ni mazoea, hapa ni ripoti. Vivyo hivyo usidai mtoto akuangalie machoni, wala usikasirike akikuita kwa jina lako la kwanza kama shule ndivyo inavyofanya.

Siri, katika jamii yetu ndogo

Kozi itakufundisha kutunza siri kana kwamba wewe na familia za watoto hamjuani. Lakini Waswahili wa mji mmoja tunajuana. Mtoto unayemsomesha Jumanne, mama yake ni mwenzako wa kikundi cha mchezo, baba yake mnasali naye, shangazi yake ndiye aliyekupikia harusini. Ijumaa utaulizwa: "Mwanangu anaendeleaje? Na yule wa fulani, nasikia ana matatizo?" Anayeuliza ni mtu mzima kwako, na kumnyima jibu ni kama kukosa adabu.

Tayarisha jibu kabla hujaulizwa. Langu ni hili: "Shikamoo mama. Mambo ya shule yamefungiwa shuleni, hata mimi sina ruhusa ya kutoka nayo. Mwalimu wake atafurahi ukimpigia." Halafu badilisha mazungumzo. Atanuna mara moja, mara ya pili atazoea. Ukilegeza kwa mmoja, umeshalegeza kwa wote.

Jambo la pili ni ukalimani. Shule itakupenda kwa lugha yako na kukuita kila mzazi wa kwetu anapokuja. Kumweleza mzazi saa za safari ya darasa ni sawa. Lakini kikao kikihusu usalama wa mtoto, kipigo, ndoa iliyovunjika au ustawi wa jamii, mwambie mwalimu mkuu wazi kwamba unaifahamu familia hiyo na inahitaji mkalimani wa nje. Usijione umekataa kazi. Umemlinda mtoto, umemlinda mzazi asiyeweza kusema lolote mbele ya jirani, na umejilinda wewe.

Mtoto akikuambia jambo zito:

- Sikiliza, usimkatize, usionyeshe mshtuko.
- Usiahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie utamwambia mtu ambaye kazi yake ni kusaidia.
- Usimchimbe kwa maswali yenye majibu ndani yake.
- Andika maneno yake kama alivyoyasema, na saa.
- Mpelekee siku ile ile DSL, mwalimu anayesimamia ulinzi wa watoto. Usianze kwa kumpigia mjomba wa mtoto ili "myamalize nyumbani". Najua ni kwa nia njema. Ni kosa linaloweza kumrudisha mtoto mikononi mwa anayemuumiza, na litakufungia milango ya shule.

Mashaka yaliyobaki

"Umri umenipita." Shule zina wasaidizi wengi wa miaka hamsini na zaidi, na mtu aliyelea watoto wake ana utulivu ambao kijana hana.

"Ninavaa hijabu." Vaa. Zungumza na shule tu kuhusu nguo ya uwanjani na ya siku za michezo.

"Vyeti vyangu viliteketea Kongo." Functional Skills itasimama badala ya vile vya Kiingereza na hesabu. Kwa vilivyobaki, eleza kwa maandishi mafupi na usibuni.

"Kazi yangu imerudishwa mara mbili." Kurudishwa kwa marekebisho ni sehemu ya mfumo huu, si kufeli. Omba mtathmini akuonyeshe ni kigezo namba ngapi hakijafikiwa, rekebisha hicho tu, yaliyopita yaache.

Kuomba kazi

Fomu itataka historia yako bila pengo. Miaka ya kulea, ya kuugua, ya kambini, ya kusubiri karatasi za uhamiaji: itaje yote kwa miezi na miaka. Pengo lililoelezwa halimsumbui mtu, lililofichwa ndilo linaloibua maswali. Shule pia huweza kutafuta mtandaoni majina ya walioitwa kwenye usaili, basi pitia kurasa zako za zamani. Siku ya usaili utapewa kundi dogo la watoto kwa dakika chache, na lazima utaulizwa swali la ulinzi wa watoto. Jibu lake umeshalisoma hapo juu.

Mwisho, mshahara. Tangazo huandika kiasi kikubwa cha mwaka mzima, halafu kwa herufi ndogo likasema ni kwa wiki za masomo tu. Maana yake utalipwa takriban wiki 39 pamoja na sehemu ya likizo, kwa saa pungufu ya siku kamili, kisha jumla hiyo igawanywe kwa miezi 12. Kinachoingia benki ni kidogo sana kuliko ulichokisoma. Mpigie karani wa shule umuulize kiasi cha kila mwezi baada ya makato, na usiandike barua ya kuacha kazi uliyonayo mpaka ukipate kiasi hicho kwa maandishi na DBS iwe imerudi.